Mikopo ya simu na utu wa mtu: ni lini tulikubali aibu iwe dhamana?

#1 Mwana wa Kisarawe

Wakuu, salaam.

Tunajisifu kwamba zama hizi ndizo za haki za binadamu. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 12(2), inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sasa niambieni hili tuliite nini.

Kuna mama mtaani kwetu anakaanga mihogo na samaki pale kituoni. Alikopa kwenye aplikesheni ya simu. Aliomba laki moja, ikaingia elfu sitini na tano, iliyobaki wakaiita ada ya huduma. Alipewa siku saba arudishe laki na kumi. Siku ya nane asubuhi ujumbe ukaingia kwa watu wote waliomo kwenye simu yake: mimi ambaye namba yangu anayo kwa sababu ya oda za mihogo, fundi friji, mwalimu wa darasa wa mwanawe, mama mkwe wake Lindi. Picha ya kitambulisho chake cha NIDA, na juu yake maandishi mekundu: MWIZI ANATAFUTWA, UKIMUONA TOA TAARIFA.

Mama wa watu alifunga meza. Mtoto akaanza kuitwa "mtoto wa mwizi" shuleni.

Msimamo wangu ni kwamba utamaduni wa kisasa unamheshimu mwenye nacho tu. Asiye nacho, heshima yake ni ya kukodi, na siku kodi ikipitiliza anatolewa nje. Zamani hatukuwa hivi. Karibuni.

#2 Debe Shinda

Alilazimishwa kukopa? Mbona hamleti nyuzi siku pesa inapoingia ndani ya dakika tano bila dhamana, bila barua ya mtendaji, bila hati ya nyumba? Dawa ya deni kulipa. Mtu akishalipa hakuna atakayemtumia mama mkwe chochote.

#3 Binti Mtongani

Debe Shinda, nilijua utafika wa kwanza, na nilijua utasema hivyo hivyo.

Sikiliza. Huyo mama asingekopa kwenye simu angekopa kausha damu. Mimi nimekaa kwenye kikundi cha marejesho, najua. Mnakutana Jumanne saa mbili asubuhi barazani kwa mwenyekiti. Afisa mikopo anakuja na pikipiki na daftari lake. Mmoja akikosa rejesho hakuna anayeondoka. Mtakaa pale na watoto mgongoni mpaka mwenzenu apatikane au mumchangie. Nimeona wanawake waliosuka nywele pamoja wakimwingilia mwenzao ndani, wakatoa mtungi wa gesi, wakatoa sabufa, wakavuta godoro na shuka zake. Aliyekuwa anavuta godoro alikuwa somo yake. Mume alikuwa hajui kama mkewe ana mkopo, alijulia pale, mbele ya watu.

Hapo hapakuwa na simu wala intaneti. Kwa hiyo mleta mada, usiiseme teknolojia peke yake.

#4 Mwana wa Kisarawe

Dada Binti, sijaisema teknolojia peke yake. Nimesema utamaduni wa kisasa. Hao wa kausha damu nao ni wa juzi. Bibi zetu walikuwa wanakopeshana kibaba cha unga, na ukishindwa unarudisha msimu ujao.

#5 Mtunza Nyaraka

Mleta mada, hapo kwenye "zamani hatukuwa hivi" nakuomba upunguze mwendo.

Pwani hii hii, karne ya 19, mtu alikuwa anaweza kuwekwa rehani. Si shamba, si mnazi: mtu. Njaa ikibana, familia za Wamijikenda na wengine wa nyuma ya Mombasa walimpeleka mtoto au binti kwa mkopeshaji wa mjini wapate nafaka. Deni likilipwa anarudi. Lisipolipwa, wengine walibaki huko moja kwa moja, na wengine wakaishia kuuzwa. Na hilo ni tawi tu la mti mzima. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa Unguja na Pemba 1897, na Tanganyika ikangoja hadi 1922. Mtu aliyezaliwa mwaka huo wengi wenu mmemwona kwa macho.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kisasa kinaheshimu utu, nitakujibu kwamba kisasa ndicho kilichoandika kwa mara ya kwanza kuwa hata mdaiwa ni mtu. Tangazo la haki za binadamu la 1948, ibara ya 1. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, ibara ya 11: hakuna atakayefungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Bibi yako wa kibaba cha unga namheshimu, ila jirani yake alikuwa anakopa kwa kutoa mtoto.

#6 Debe Shinda

Mtunza Nyaraka leo kaamka vizuri. Nakubaliana naye, jambo ambalo halijawahi kutokea.

#7 Wa Majani Mapana

Nawasalimu nyote. Mimi ni wa Tanga.

Mnasahau kusuta. Nani humu hajaona mtu akisutwa? Wanawake wanashona sare ya kanga, wanakodi ngoma, wanatoka kwa mguu mpaka mlangoni kwa mhusika na kuanza kumwimbia maovu yake, mtaa mzima umetoka nje. Anayeficha deni la upatu anasutwa. Mwenye mdomo anasutwa. Kudhalilishana hadharani ni utamaduni wetu wenyewe, tulikuwa nao kabla hata ya umeme. Hizi apu zimechukua ngoma tu zikaitia kwenye simu.

#8 Binti Mtongani

Shangazi wa Tanga, umenigusa lakini nakupinga. Kusutwa kulikuwa na watu wenye sura. Aliyekuja kukusuta unamjua, ametoka kwake na miguu yake, na wewe una mdomo wa kumjibu. Ukiwa na haki, kesho unakodi ngoma yako unaenda kwake. Wazee wanaweza kuingilia kati ikaisha kwa ubani na chai. Huyu anayekutumia ujumbe saa kumi usiku utamjibu wapi? Namba yenyewe ukipiga haipatikani.

#9 Wa Majani Mapana

Mwanangu, usiipambe. Nimewaona waliosutwa wakahama mji. Mmoja alikuwa amesingiziwa, ikajulikana baadaye kabisa. Hakuna aliyekodi ngoma kwenda kumsafisha.

#10 Wakili wa Mtaani

Wakuu, niweke sheria mezani maana naona watu wanaongea kana kwamba hakuna kitu.

Kwanza, kukopesha kwa biashara bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Watoa mikopo wasiopokea amana wako daraja la pili na wanasimamiwa na Benki Kuu moja kwa moja, na hizo aplikesheni ziko humo. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) walitoa orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Kabla ya hapo, mwaka huo huo, walishatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali.

Pili, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Kuchukua orodha ya majina kwenye simu ya mkopaji na kuitumia kuwatisha watu ambao hawajawahi kukubali chochote ni uvunjaji wa wazi. Na angalieni hapa: aliyeumizwa si mkopaji peke yake. Yule fundi friji na yule mama mkwe nao ni walalamikaji kamili, maana namba zao zimetumika bila ridhaa.

Tatu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inahusu kumtisha na kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao.

#11 Kipanga wa Ubungo

Wakili, ahsante. Ila hizo 69 si zimeshafungiwa? Na Google si ndio wanaoruhusu apu isome namba zako zote? Wa kushtaki ni Google.

#12 Wakili wa Mtaani

Kipanga, nirekebishe mawili. Orodha ya Benki Kuu ilikuwa tangazo kwa umma kwamba hawa hawana leseni, msijihusishe nao. Apu ikiwa na jina baya leo, kesho inarudi na jina jipya na rangi mpya, mmiliki yule yule. Na Google walishabadili masharti: tangu tarehe 31 Mei 2023 aplikesheni za mikopo binafsi haziruhusiwi kwenye duka lao kugusa orodha ya majina wala picha. Ndiyo maana nyingi sasa wanakutumia kiungo WhatsApp uipakue nje ya duka. Nyingine zinakulazimisha uandike namba za watu watano kwa mkono wako mwenyewe kabla mkopo haujatoka.

#13 Kipanga wa Ubungo

Kumbe. Nimeelewa, mkuu.

#14 Mkamba wa Athi River

Habari zenu majirani. Huku Kenya tumeyaona haya mapema kuliko nyinyi kwa sababu mikopo ya simu tuliianza mapema. M-Shwari ilikuja 2012 na baadaye kila mtu na apu yake. Kuna wakati mwajiri alikuwa anapigiwa simu ofisini aambiwe mfanyakazi wake ni mwizi wa shilingi elfu mbili. Chama cha akina mama kinavunjika kwa sababu mwenyekiti amesalimiwa na madalali wa apu.

Tulipiga kelele. Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya Benki Kuu 2021, kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikatoka 2022, zikakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Na Septemba 2023 Kamishna wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia taarifa za watu alizopata kwa wengine. Katiba yetu ya 2010 Ibara ya 28 inalinda utu, na ya 31 inalinda faragha.

Je, yameisha? Yamepungua. Zile zenye leseni zimejifunza adabu. Zisizo na leseni zinakuja huko kwenu.

#15 Debe Shinda

Mkamba, faini ya milioni tatu kasoro kwa kampuni inayokopesha mamilioni kila siku? Wanailipa na kuiandika kwenye gharama za uendeshaji.

#16 Mkamba wa Athi River

Ni kweli ndugu yangu. Lakini kabla ya hapo ilikuwa sufuri.

#17 Mwana wa Mwembetanga

Assalaam alaykum.

Nimesoma tangu juu, naona mnazunguka tu. Sheria, Google, kusuta. Suala hili limeshakatwa. Suratul Baqara aya ya 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki basi angojewe mpaka apate nafuu, na mkimsamehe ikawa sadaka ni bora kwenu. Mdai ameamrishwa kusubiri. Na riba yenyewe imekatazwa katika aya zilizo jirani na hiyo. Mkishahalalisha kuuza pesa kwa pesa, msishangae mnapomuuza na mtu mwenyewe.

Huku Unguja angalieni maziko. Maiti hajatoka ndani, msemaji wa familia anasimama: "Kama kuna anayemdai marehemu, amwone fulani." Hataji kiasi. Hauliziwi mtu mbele za watu. Unamfuata huyo fulani pembeni, mnazungumza. Hata maiti, ambaye hawezi tena kuona haya, deni lake linasemwa kwa sauti ya chini.

#18 Mlinzi wa Zamu

Mwana wa Mwembetanga, hilo la msibani na sisi Wakristo tunalo. Na kwenye Biblia liko wazi, Kumbukumbu la Torati 24. Ukimkopesha mwenzio usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Akiwa maskini na rehani yake ni nguo ya kujifunika, umrudishie jua likichwa alale nayo. Na kwenye sura hiyo hiyo, usichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, maana hapo umechukua uhai wa mtu.

Nilipolisoma hilo la kusimama nje nikakumbuka magodoro ya Binti Mtongani. Kizingiti cha nyumba kimetajwa kabisa. Mdaiwa ana mlango, na mlango wake ni wake.

Ila ndugu yangu, nikuulize kwa heshima: aliyebobea kwa kukopesha kausha damu mtaani kwangu ni mzee wa kanisa. Na wako nadhani wapo pia. Maandiko tunayo sote, na wakopeshaji wametoka kwenye safu zetu za mbele.

#19 Mwana wa Mwembetanga

Wapo. Sikatai. Kasoro ni ya mtu, amri haina kasoro.

#20 Mangi wa Duka

Mimi nitaongea kama mdai, maana humu kila mtu ni mdaiwa.

Nina duka la rejareja. Nina daftari. Mtu anakuja, "Mangi nipe unga kilo mbili, sukari robo, Ijumaa nakuletea." Ijumaa anapita upande wa pili wa barabara kajifunika kofia. Mtaji wangu ni milioni na nusu, na nusu yake iko kwenye matumbo ya watu. Nimebandika "Leo taslimu, kesho mkopo" na bado wanakopa. Mwaka jana nikaandika majina kwenye ubao, nikautundika mlangoni: jina, kiasi, tarehe. Ndani ya siku chache wengi wakalipa. Mmoja alilipa usiku akalia akaniomba nilifute jina kabla hakujapambazuka.

Sasa mnaniambia mimi nami nimevunja utu wa watu? Na mimi nikifilisika, utu wangu ataulinda nani? Mwenye fremu hataki kusikia habari za aya.

#21 Binti Mtongani

Mangi, ulifuta?

#22 Mangi wa Duka

Nilifuta usiku ule ule. Hajarudi kununua kwangu tangu siku hiyo. Anakwenda duka la mbali.

#23 Mtunza Nyaraka

Na hapo kwa Mangi, tukumbuke hata taasisi kubwa zimefanya hivyo hivyo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imewahi kutangaza hadharani majina ya wadaiwa sugu. Hatukufungua uzi. Tulishangilia, tukatafuta majina ya tuliosoma nao.

Kwa hiyo naongeza maelezo mengine juu ya yaliyopo. Hatuna shida na aibu kama silaha. Tuna shida inapotugeukia.

#24 Mwana wa Kisarawe

Mtunza Nyaraka, hapana. Bodi ilitaja jina na kusema mdaiwa. Haikusema mwizi wala kumtumia mama mkwe picha. Na Mangi ubao wake unasomwa na watu wa mtaa ule ule wanaomjua mtu kwa mazuri yake pia. Wanajua fulani anadaiwa, na wanajua fulani ndiye aliyewabebea mgonjwa usiku. Ujumbe wa apu unafika kwa mtu wa Lindi ambaye hana kingine anachokijua. Anabaki na lile neno mwizi tu.

#25 Nyota ya Jaha

Hodi. Mimi ni msomaji wa kimya siku zote, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Nimefanya hiyo kazi. Ya kupiga simu.

Jina la ofisi sitalitaja. Ilikuwa ghorofani, mapazia yamefungwa mchana, meza ndefu mbili, kila mmoja ana simu mbili na boksi la laini. Wengi wetu tulikuwa na diploma na digrii, mmoja ni nesi. Asubuhi unapewa orodha. Waliobakiza siku moja unawapigia kwa upole, "dada habari za asubuhi". Waliopitiliza siku moja unakaza sauti. Siku ya tatu wanahamishiwa meza ya pili, na meza ya pili ndiyo ya matusi. Maneno yanakuwa yameshaandikwa, unanakili na kujaza jina. Tulikuwa na toleo la wanawake na toleo la wanaume. La wanawake lilianza na neno malaya. Sikuliandika mimi, nililikuta.

Mshahara mdogo, kamisheni ndiyo inayokulisha. Usipofikisha lengo kwa wiki, jina lako linaandikwa ubaoni kwa kalamu nyekundu, mbele ya wote, na msimamizi anakusomea maneno yale yale unayowatumia wateja. Ndiyo, yale yale.

Mimi nilihamishwa meza ya pili. Kulikuwa na baba mmoja, nilimpigia, akaniambia, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima, usinitukane, nisikilize tu halafu utanitukana." Nikamsikiliza. Alikuwa hospitali na mkewe. Msimamizi alikuwa anasikiliza laini, akanigongea meza niendelee. Nikaendelea.

#26 Mlinzi wa Zamu

Nyota, pole. Na ahsante kwa kuwa muwazi.

#27 Debe Shinda

Nyota ya Jaha, mimi ni mbishi ila hili la meza ya pili sikulijua. Nilidhani ni mashine inatuma.

#28 Kipanga wa Ubungo

Mimi nina swali kwa mleta mada, asinielewe vibaya. Ule ujumbe ulipoingia kwako, uliufanyia nini? Maana kwenye grupu la mtaa wetu uliingia wa kijana mmoja wa bodaboda. Ndani ya saa moja ulikuwa umesambazwa grupu la wapangaji, grupu la jumuiya, grupu la mpira. Apu iliutuma kwa watu wachache. Mia kadhaa wengine tuliwatumia sisi. Na juu yake tuliweka vikatuni vya kucheka.

Ndiyo maana siamini sana maelezo ya riba wala ya Google. Aibu haifanyi kazi bila watazamaji. Kama kila aliyepokea angeufuta na kumpigia mhusika "pole, umekwama wapi", hiyo meza ya pili ingefungwa kwa kukosa faida.

#29 Mwana wa Kisarawe

Niliufuta. Nikamtumia elfu kumi na kumwambia afungue meza. Sikufanya la ajabu, nalitaja kwa kuwa umeuliza.

#30 Wa Majani Mapana

Kipanga umesema neno. Hata kusuta, ngoma ilinoga kwa sababu ya waliotoka nje kutazama. Waliofunga madirisha walikuwepo, lakini wachache.

#31 Wakili wa Mtaani

Nakubali kwa sehemu. Lakini tusiwahamishie mzigo wote wapokeaji. Yule mwalimu wa darasa hakuomba kutumiwa. Na kisheria kuna tofauti kubwa kati ya anayechukua taarifa za watu kibiashara na jirani mwenye kiherehere.

Kwa aliyekumbwa: msifute ule ujumbe moja kwa moja. Pigeni skrinshoti yenye namba na saa, muulizeni mhusika jina la apu, halafu lalamiko liende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nakala Benki Kuu kama apu haina leseni. Kama kuna vitisho, polisi. Riba nayo iangalieni: kikomo cha daraja la pili kimewekwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mleta mada, piga hesabu ya yule mama wako: kapokea 65,000, anadaiwa 110,000 baada ya siku saba. Hiyo ni karibu asilimia 70 kwa wiki moja.

#32 Mangi wa Duka

Asilimia 70! Mimi kwenye unga napata faida ya shilingi mia mbili kwa kilo.

#33 Binti Mtongani

Mangi ndiyo maana tunakopa kwako.

#34 Mtunza Nyaraka

Wakili, kwa kuwa uko hapa: je, si kweli kwamba mahakama zetu bado zinaweza kumpeleka mdaiwa jela ya madai? Nimesoma Sura ya 33.

#35 Wakili wa Mtaani

Ni kweli, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu, hadi miezi 6. Lakini ni baada ya hukumu, na mdaiwa anaitwa kwanza ajieleze kwa nini asifungwe. Anayetaka afungwe ndiye anayelipa posho ya chakula chake gerezani. Kwa vitendo hutumika zaidi kwa mtu mwenye mali anayezificha. Huko Uingereza kwenyewe walikotuletea mfumo huu, walipunguza sana kifungo cha deni kwa sheria ya 1869.

Umenisaidia kusema jambo moja. Hata katika kifungo, mdaiwa ana siku ya kuitwa na kuulizwa. Apu haiulizi. Yule baba wa Nyota ya Jaha alichoomba ni kusikilizwa tu, na mahakamani hilo angelipata.

#36 Debe Shinda

Sawa. Sasa nirudi kwenye ubishi wangu maana naona mmeanza kukubaliana. Nyota ya Jaha, wewe umekaa ndani. Tuambie ukweli: matusi yalikuwa yanarudisha pesa au hayarudishi? Kwa sababu kama yanarudisha, hakuna tume itakayoyazuia. Watu watafuata hela.

#37 Nyota ya Jaha

Kaka Debe, nimelifikiria sana hilo. Kwenye ripoti, yalikuwa yanarudisha. Meza ya pili ilikuwa inaingiza kuliko ya kwanza, na msimamizi alituonyesha michoro.

Lakini mimi nilikuwa naangalia tarehe. Mtu wa mshahara anakopa tarehe kumi na kitu, siku saba zinaishia karibu na ishirini, hapo hana kitu. Tunamtukana tarehe 22, tunamtukana 23, tunamtumia bosi wake 24. Mshahara unaingia, analipa. Ofisi inaandika: amelipa baada ya kutukanwa. Mtu yule yule ukimwacha kimya analipa siku hiyo hiyo. Nilimwambia msimamizi tujaribu kuwaacha hamsini tuone. Akaniuliza kama nimechoka kazi.

#38 Mkamba wa Athi River

Huku zile zenye leseni sasa nyingi zinakupa siku thelathini. Sijui kama ni huruma au ni hesabu hiyo hiyo ya dada.

#39 Debe Shinda

Mwenye mshahara nimekuelewa. Bodaboda hana tarehe ya mshahara. Kinyozi hana. Huyo unamsubiri mpaka lini?

#40 Binti Mtongani

Bodaboda anashika hela kila jioni. Mkatie elfu mbili mbili, atamaliza bila kelele, ndivyo tunavyofanya kwenye kikundi chetu kipya tangu tuachane na yule afisa wa pikipiki. Na anayekwama anakwenda kwa mweka hazina peke yake, saa ya magharibi, anaeleza. Tumekubaliana hilo halitamkwi kikaoni. Bado wawili wamekimbia na hela zetu, sikufichi. Mmoja namjua anapokaa.